Siri ya Mtu na Telefone: Sheria Inafika Wapi?

Wengi wanauliza: siri ya mtu inalindwa namna gani siku hizi za telefone? Tutazame Kasindi, kwenye mpaka wa Kongo na Uganda.

Ebola ilitangazwa katika Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, ikaisha tarehe 25 Juni 2020. Watu zaidi ya 2.200 walikufa. Kwenye mpaka wasafiri walinawa mikono na kupimwa homa. Waliomgusa mgonjwa waliandikwa majina, wakafuatwa siku 21. Kazi hiyo ilikuwa ya lazima: mwezi wa Juni 2019 watu wa jamaa moja walivuka na ugonjwa, ukahakikishwa ng'ambo, wilayani Kasese. Munganga wa Uganda angewatafutaje watu asiojulishwa majina yao?

Lakini jina lile lile, likitangazwa kijijini, linamtenga mtu na jirani zake. Hata akiwa mzima, wanaogopa kununua samaki wake. Sheria ilisema nini? Katiba ya Kongo ya 2006, kifungu cha 31, inaamuru kuheshimu maisha ya mtu ya faragha na siri ya barua na mazungumzo yake. Ndiyo msingi. Lakini haielezi nani aweke orodha ya majina, kwa muda gani, na nani aifute. Uganda ilipata sheria ya kulinda habari za watu mwaka 2019. Kongo ilipata kitabu cha sheria za numeriki tarehe 13 Machi 2023, Ebola ile ikiwa imekwisha.

Shida yenyewe ni hii. Zamani karatasi ilikaa kabatini. Aliyetaka kuisoma alihitaji ufunguo. Leo inapigwa picha, na mara moja iko Butembo, Kampala na Ulaya. Karatasi inabaki mahali pake, mwenyewe hajui kitu. Mtu wa duane anasimamisha mzigo; picha haisimamishi. Sheria inaweza kumwadhibu aliyetawanya siri, lakini haiwezi kuirudisha.

Kwa hiyo mlinzi wa kwanza ni yule anayeandika. Kanuni ya 220 ya Sheria ya Eklezia (1983) inakataza kuvunja haki ya mtu ya kulinda siri yake. Daftari ya ubatizo inakaa siku zote; orodha ya wagonjwa au ya wakimbizi si hivyo. Padri na katekista wajiulize: Habari hii ni ya lazima kweli? Mwenyewe anajua itakwenda wapi? Tutaifuta siku gani? Asiyeweza kujibu, asiandike.