Hesabu ya Watu wa Nakuru na Namna ya Kuijaribu

Usiku wa tarehe 24 Agosti, 2019, ilianza kazi ya kuhesabu watu wa Kenya nzima. Katika Kaunti ya Nakuru, toka Naivasha mpaka Molo, na toka Njoro mpaka Subukia, zilipatikana nafsi 2,162,202. Wanaume walikuwa 1,077,272, wanawake 1,084,835, na huntha, ambao walihesabiwa kwa mara ya kwanza katika Kenya, 95.

Hesabu hiyo si ya kusomwa na kusahauliwa. Idadi ya watu ni mojawapo ya vipimo vitumiwavyo kugawanya fedha za Serikali baina ya kaunti. Karani akikosea tarakimu moja, zahanati na barabara zaweza kupunjika. Basi inafaa kila mshika kalamu ajue kuijaribu hesabu kubwa.

Njia ya kwanza ni kutupa tisa, iliyojulikana na Wahindi na Waarabu tangu kale. Tarakimu hujumlishwa mpaka ibaki moja. Wanaume hutoa 26, kisha 8. Wanawake 29, kisha 11, kisha 2. Huntha 14, kisha 5. Ukijumlisha 8, 2 na 5 hupata 15, yaani 6. Sasa tazama jumla kuu: 2+1+6+2+2+0+2 ni 15, yaani 6. Zimepatana. Sababu ni kwamba 10, 100, 1,000 na kuendelea, zikigawanywa kwa 9, zote hubakiza 1.

Lakini njia hii haioni kila kosa. Karani akiandika 2,126,202, amebadilishana 6 na 2, na watu 36,000 wamepotea. Walakini jumla ya tarakimu ingali 15. Hapo hutumiwa kumi na moja. Anza kulia, ukitoa na kujumlisha kwa zamu: 2-0+2-2+6-1+2 ni 9. Ile yenye kosa hutoa 1. Kosa limeshikwa.

Hiyo 9 ina maana nyingine. Kaunti ina majimbo 11 ya uchaguzi. Kama watu wangegawanywa sawasawa, kila jimbo lingepata 196,563, na wangebaki watu 9.

Bali hesabu hiyo hugawanyika kwa 2, kwa 3 na kwa 7, yaani kwa 42, na kila fungu huwa 51,481. Hiyo ni namba tasa, haigawanyiki tena. Kuthibitisha, yatosha kujaribu namba tasa zote mpaka 223, kwa kuwa 227 mara 227 ni 51,529, nayo imeipita.

Ikumbukwe kwamba majaribio haya hupima kazi ya kalamu tu. Mtu aliyesahauliwa nyumbani kwake hayamwoni. Hata hivyo, wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari lisilojaribiwa ni nusu ya daftari.