Meli za Kubeba Ndege: Chuma Hununuliwa, Baharia Hulelewa

Na Mwandishi Wetu

Mwishoni mwa mwaka 2023, mashambulizi dhidi ya meli za biashara katika Bahari ya Shamu yalizilazimu kampuni nyingi za usafirishaji kuziepusha meli zao na Mfereji wa Suez na kuzizungusha kupitia Rasi ya Tumaini Jema. Safari ya shehena kutoka Ulaya kuja katika bandari za Dar es Salaam na Mombasa ikawa ndefu na ya gharama zaidi. Katika taarifa za habari za kipindi hicho, wananchi walisikia mara kwa mara kwamba Marekani ilikuwa imepeleka katika eneo hilo meli ya kubeba ndege za kivita, USS Dwight D. Eisenhower. Meli hiyo ilirejea nyumbani Julai 2024, baada ya takriban miezi tisa na baada ya muda wa safari yake kuongezwa zaidi ya mara moja.

Taarifa hizo zilitaja zaidi ndege na makombora. Makala haya yanaeleza habari ya watu wanaoiendesha meli ya aina hiyo: ni wangapi, wanafanya kazi gani, na kwa nini mataifa yenye fedha za kuzijenga meli hizo yanapata taabu kupata mabaharia wa kuzihudumia.

Mji juu ya maji

Marekani ina meli 11 kubwa za kubeba ndege, zote zikiendeshwa kwa nishati ya nyuklia. Meli ya daraja la Nimitz ina uzito wa takriban tani 100,000 na urefu wa mita zipatazo 333, yaani zaidi ya viwanja vitatu vya mpira wa miguu vikipangwa kwa mstari mmoja. Inapokuwa safarini hubeba watu wapatao 5,000. Zaidi ya nusu yao ni mabaharia wa meli yenyewe, na waliosalia ni marubani, mafundi na wahudumu wa ndege.

Watu hao wanahitaji kila kitu kinachohitajiwa na wakazi wa mji mdogo. Majiko ya meli huandaa milo zaidi ya 15,000 kwa siku. Kuna madaktari na chumba cha upasuaji, dobi, vinyozi, posta na viongozi wa dini. Chini kabisa wapo mafundi wa vinu viwili vya nyuklia, ambao hutumia muda mrefu darasani na katika mitambo ya mafunzo kabla ya kukabidhiwa zamu. Kwa kuwa meli hailali, kila kituo muhimu lazima kiwe na mtu saa 24, jambo ambalo maana yake ni kwamba nafasi moja ya kazi inahitaji watu kadhaa wa kupokezana.

Juu ya sitaha ya kurukia ndege, kelele za injini hazimruhusu mtu kumsikia mwenzake. Kwa hiyo kazi hutambulishwa kwa rangi ya fulana. Wenye fulana za njano huongoza ndege kwa ishara za mikono, wa zambarau hujaza mafuta, wekundu hushughulikia silaha na ajali za moto, wa bluu husogeza na kufunga ndege, na weupe husimamia usalama na tiba. Wengi wa watu hao ni vijana wa umri wa miaka 19 au 20. Kosa la mmoja wao, kama vile mnyororo usiokazwa vizuri, linaweza kuwaua wenzake.

Mashine badala ya mikono

Mishahara, mafunzo, chakula, matibabu na pensheni za watu 5,000 ni mzigo mkubwa katika bajeti ya jeshi lolote. Ndiyo maana katika miongo ya karibuni wabunifu wa manowari wamejitahidi kupunguza idadi ya watu kwa kutumia mitambo.

Uingereza ilizindua utumishi wa HMS Queen Elizabeth Desemba 2017 na wa HMS Prince of Wales Desemba 2019. Kila moja ina uzito wa takriban tani 65,000, lakini mabaharia wa kuiendesha ni wapatao 700 tu, ingawa ina nafasi ya watu 1,600 pale ndege na wahudumu wake wanapokuwamo. Sehemu ya siri ya upungufu huo ni mtambo unaohamisha mabomu kutoka ghalani hadi karibu na sitaha, kazi iliyokuwa ikifanywa na mikono ya watu wengi.

Marekani nayo ilianza kuitumia USS Gerald R. Ford Julai 2017, meli iliyogharimu takriban dola bilioni 13 na iliyokusudiwa kuhitaji mabaharia pungufu kwa mamia kadhaa ikilinganishwa na daraja la Nimitz. Hata hivyo, lifti zake 11 za silaha zilikamilika zote Desemba 2021, zaidi ya miaka minne baada ya meli kupokewa. Katika kipindi hicho chote mafundi na mabaharia walikuwa na kazi ya ziada juu ya mitambo iliyoletwa kuwapunguzia kazi.

Somo la namna hiyo lilipatikana pia katika manowari ndogo za Marekani za ukanda wa pwani. Mpango wa awali uliweka mabaharia wa msingi 40 katika kila meli, huku matengenezo mengi yakiachiwa wakandarasi wa nchi kavu. Muda si mrefu ilibainika kwamba watu hao hawatoshi, na idadi ikapandishwa hadi 50.

Siku mitambo inaposhindwa

Hoja ya kupunguza mabaharia ina nguvu siku ambayo mambo yote yanakwenda sawa. Uzito wa idadi huonekana siku ya balaa.

Tarehe 29 Julai 1967, roketi ilifyatuka kwa bahati mbaya kwenye sitaha ya USS Forrestal iliyokuwa katika Ghuba ya Tonkin wakati wa vita vya Vietnam. Ilipiga ndege iliyojaa mafuta, moto ukasambaa, na baada ya takriban dakika moja na nusu bomu la kwanza likalipuka. Mlipuko huo uliwaua karibu wote waliokuwa wamepata mafunzo maalumu ya kuzima moto. Waliobaki walijitosa kwa ushujaa mkubwa bila ujuzi uliohitajika. Wengine walimwaga povu la kuzimia mafuta huku wenzao wakimwaga maji yaliyolisafisha povu hilo. Watu 134 walipoteza maisha na 161 walijeruhiwa.

Kutokana na msiba huo, Jeshi la Wanamaji la Marekani liliimarisha kanuni kwamba kila baharia, awe mpishi au karani, lazima ajue kuzima moto. Kanuni hiyo ina gharama yake katika hesabu ya watu. Meli iliyopigwa inahitaji mikono ya kuburuta mipira ya maji, kuziba matundu, kubeba majeruhi na kuwapokea wenzao waliochoka, na kazi hizo zote hufanyika kwa wakati mmoja na kuiendesha meli. Julai 2020, USS Bonhomme Richard ilishika moto ikiwa imefungwa gatini San Diego na kuungua kwa zaidi ya siku nne hadi ikafaa kukatwa chuma chakavu. Uchunguzi ulionesha udhaifu katika maandalizi ya mabaharia na katika vifaa vya kuzimia moto.

Uchovu kama adui

Mwaka 2017 ulikuwa wa majonzi kwa kikosi cha Marekani kilichopo Bahari ya Pasifiki. Juni, manowari USS Fitzgerald iligongana na meli ya makontena karibu na Japani, na mabaharia 7 wakafa. Agosti, USS John S. McCain iligongana na meli ya mafuta karibu na Singapore, na wengine 10 wakafa. Manowari hizo hazibebi ndege, bali ni za aina inayosafiri na meli za kubeba ndege ili kuzilinda.

Wachunguzi walitaja upungufu wa mafunzo, usimamizi dhaifu na uchovu. Katika McCain, mabaharia walichanganyikiwa na mfumo wa usukani wa kioo cha kugusa, wakaamini kuwa meli imepoteza usukani. Baadaye jeshi liliamua kurejesha vishikio vya kawaida vya kuongozea injini. Ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilieleza kuwa utafiti wa jeshi lenyewe ulikuta mabaharia wakiwa kazini hadi saa 108 kwa wiki, wakati kiwango kilichopangwa kilikuwa takriban saa 80.

Nafasi moja isipojazwa, zamu yake hugawanywa kwa waliopo. Waliopo wakichoka, baadhi huacha kazi mkataba unapokwisha, na pengo huongezeka. Safari zinazorefushwa huzidisha hali hiyo. USS Gerald R. Ford, iliyoondoka Mei 2023, ilirejea Januari 2024 baada ya siku 239, kwa sababu muda wake uliongezwa kufuatia vita vya Gaza. Nyuma ya kila nyongeza kuna mtoto aliyezaliwa baba akiwa baharini, na mama aliyeahidi kurudi kabla ya shule kufunguliwa akashindwa kutimiza ahadi.

Hata meli ikiwa matengenezoni mabaharia hawapumziki. USS George Washington ilikaa katika kiwanda cha meli huko Virginia tangu 2017 hadi 2023. Aprili 2022, ndani ya muda wa wiki moja, mabaharia watatu wa meli hiyo walijitoa uhai. Uchunguzi haukuona uhusiano kati ya vifo hivyo, lakini ulifungua mjadala mpana kuhusu kuwalaza vijana ndani ya meli inayochomelewa mchana na usiku, yenye kelele na huduma zinazokatika. Jeshi lilikiri kwamba mazingira hayo yanapaswa kuboreshwa.

Baharia hachukuliwi sokoni

Katika mwaka wa fedha 2023, Jeshi la Wanamaji la Marekani lilikosa lengo lake la kuandikisha askari wapya kwa zaidi ya watu 7,000. Mwaka uliofuata lilivuka lengo la watu 40,600, baada ya kulegeza baadhi ya masharti na kuanzisha kozi za kuwaandaa vijana waliokuwa na upungufu kidogo wa siha au elimu.

Kuandikisha, hata hivyo, ni mwanzo tu. Kiwanda kinaweza kuajiri msimamizi mwenye uzoefu kutoka kiwanda kingine, lakini jeshi la wanamaji haliwezi kufanya hivyo. Baharia mwandamizi wa miaka 15, anayejua kwa kusikia mlio tu kwamba pampu inakaribia kuharibika, aliandikishwa miaka 15 iliyopita. Akiondoka leo, mrithi wake atapatikana ikiwa tu alikwishaanza kulelewa zamani.

Uingereza imeonja uchungu huo upande wa meli za ugavi, ambazo huendeshwa na mabaharia wa kiraia wa serikali. Mwaka 2024 mabaharia hao waligoma wakidai malipo bora, na meli ya ugavi Fort Victoria ilibaki gatini kwa kukosa watu wa kutosha. Meli ya kubeba ndege isiyo na meli ya kuiletea chakula, vipuri na silaha haiwezi kufika mbali kwa nguvu zake zote.

Thailand ilipokea meli yake ndogo ya kubeba ndege, Chakri Naruebet, mwaka 1997. Kufikia mwaka 2006 ndege zake zote za Harrier zilikuwa zimeondolewa katika utumishi, na meli ikabaki na helikopta. China, kwa upande wake, ilinunua gamba la meli isiyokamilika kutoka Ukraine mwaka 1998, ikaanza kuitumia kwa jina la Liaoning mwaka 2012, na kwa miaka mingi ikaitumia hasa kama shule ya marubani na mabaharia. Shandong ilifuata mwaka 2019 na Fujian mwaka 2025.

Njia zinazojaribiwa

Ufaransa, yenye meli moja tu ya aina hii, Charles de Gaulle, ilianza mwaka 2019 kuzipa baadhi ya frigeti zake makundi mawili ya mabaharia yanayopokezana. Meli huendelea na kazi wakati kundi moja likiwa nyumbani au mafunzoni, na baharia huijua ratiba yake mapema. Gharama ya mpango huo ni kwamba unahitaji mabaharia wengi zaidi kwa jumla.

India ilipoanza kuitumia INS Vikrant Septemba 2022, meli iliyojengwa Kochi kwa ajili ya watu wapatao 1,600, iliweka tangu awali vyumba vya kuishi vya maofisa na mabaharia wanawake. Nchi inayowafungulia mlango wanawake huongeza maradufu idadi ya vijana inaoweza kuwachagua.

Aprili 2025, Tanzania na India ziliandaa kwa pamoja zoezi la wanamaji la AIKEYME jijini Dar es Salaam. Kipindi hicho hicho meli ya doria INS Sunayna ilisafiri katika Bahari ya Hindi ikiwa na wanamaji 44 kutoka nchi tisa rafiki, wakiwamo wa Tanzania na Kenya, wakishiriki zamu na mafunzo pamoja na wenyeji wao. Meli hiyo ni ndogo sana ikilinganishwa na zilizotajwa hapo juu, lakini elimu ya zamu, ya kuzima moto na ya kusoma bahari usiku ni ile ile.

Nchi za pwani yetu hazina mpango wa kujenga meli za kubeba ndege, wala hazizihitaji katika kulinda uvuvi, kuokoa wahanga wa ajali za majini na kudhibiti magendo. Boti ya doria yenye watu 20 hufuata kanuni ile ile ya mji ule wenye watu 5,000. Siku ya kununua chombo ndiyo siku ya kuhesabu nani atakiendesha, nani atakitengeneza, na nani atampokea aliyechoka zamu yake inapokwisha.