Kufufua Amplifaya Kongwe ya Gitaa: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuiwasha na Kabla ya Kulipa

Miaka ya 1960, bendi za dansi kama NUTA Jazz na Western Jazz zilipokuwa zikitumbuiza kwa magitaa ya umeme, amplifaya nyingi za gitaa duniani zilikuwa za valvu, na sehemu kubwa zilitoka Uingereza na Marekani. Baadhi ya vyombo vya enzi hiyo vingalipo. Kuna watu waliovirithi kwa wazee wao waliokuwa wanamuziki, na wengine hununua vya mtumba kutoka ng'ambo. Chombo cha namna hiyo kinaweza kufufuliwa na kutumika miaka mingi tena. Lakini kinaweza pia kuua mtu, na kinaweza kumtia mwenyewe hasara kubwa kikiangukia mikononi mwa fundi asiyekifahamu. Makala haya yanamweleza mtumiaji mambo anayopaswa kuyajua kabla ya kuanza.

Valvu hufanyaje kazi?

Valvu ni kichupa cha kioo kilichoondolewa hewa. Ndani yake mna uzi unaopashwa moto kwa umeme. Joto hilo hutoa elektroni ambazo huvutwa na bamba la chuma. Ishara dhaifu itokayo kwenye gitaa huongoza mkondo huo, kama vile mkono wa mtu unavyofungua na kufunga koki ya bomba kubwa la maji. Ili valvu zifanye kazi, umeme wa nyumbani wa volti 230 hupandishwa ndani ya amplifaya, mara nyingi hadi kati ya volti 300 na 500.

Umeme huo mkali hutunzwa na vifaa viitwavyo kapasita. Mtumiaji azingatie kwamba kapasita huweza kubaki na chaji hata baada ya plagi kuchomolewa. Kwa sababu hiyo, usifungue amplifaya ya valvu kwa bisibisi nyumbani, hata kama nia yako ni kupangusa vumbi tu.

Usiiwashe kwanza

Kosa la kawaida ni kuchomeka plagi mara tu chombo kifikapo nyumbani ili kusikia kama bado kinalia. Kapasita kubwa za zamani hukauka kwa miaka. Zikipokea umeme wote ghafla huweza kupasuka, au kupitisha mkondo mwingi kiasi cha kuunguza transfoma. Transfoma ya asili ni miongoni mwa vipuri vya bei kubwa na vigumu kupatikana.

Fundi mwenye ujuzi huiwasha kwa hatua. Njia mojawapo ni kuunganisha amplifaya mfululizo na balbu ya uzi ya wati 60 au 100. Balbu za LED hazifai kwa kazi hii. Balbu ikimulika kisha ikafifia, mkondo ni wa kiasi. Ikiendelea kuwaka kwa nguvu, kuna hitilafu ndani, na balbu imeizuia isilete madhara. Muulize fundi wako ataiwashaje mara ya kwanza. Jibu lake litakuonyesha kiwango cha ujuzi wake.

Vilevile, amplifaya ya valvu isiwashwe kamwe bila spika. Transfoma inayolisha spika huweza kuungua ikikosa mzigo. Spika nayo ilingane na omu zilizoandikwa nyuma ya chombo, ambazo kwa kawaida ni 4, 8 au 16.

Waya wa ardhi ni uhai

Mpiga gitaa hushika nyuzi za chuma zilizounganishwa na amplifaya, na mara nyingi midomo yake hugusa maikrofoni. Kimojawapo kikiwa na umeme, mwili wake huwa ndiyo njia ya kupitia. Mwaka 1972 mpiga gitaa Leslie Harvey wa bendi ya Stone the Crows alifariki jukwaani mjini Swansea, Wales, baada ya kugusa maikrofoni isiyounganishwa na ardhi.

Amplifaya nyingi zilizotengenezwa Marekani kabla ya mwishoni mwa miaka ya 1960 zilikuwa na plagi ya pini mbili, bila waya wa ardhi. Nyingi pia zina kapasita ndogo inayounganisha waya wa umeme na sinia la chuma linalobeba vifaa, iliyowekwa ili kupunguza mvumo. Kapasita hiyo ikiharibika, sinia lote pamoja na nyuzi za gitaa huweza kuwa na umeme. Iondolewe, na waya mpya wenye nyaya tatu uwekwe, huku ule wa ardhi ukifungwa imara kwenye sinia.

Kwenye kazi hii ipo hatari inayohusu rangi. Katika nyaya za zamani za Uingereza, nyekundu ndiyo yenye umeme, nyeusi ni nyutro na kijani ni ya ardhi. Katika nyaya za Marekani, nyeusi ndiyo yenye umeme na nyeupe ni nyutro. Fundi aliyezoea mfumo wa Kiingereza anaweza kuichukua nyeusi ya Marekani kuwa nyutro. Hapo swichi na fyuzi huishia upande usio wao, na chombo kikizimwa hubaki na umeme ndani. Nyaya zipimwe kwa mita, rangi pekee isitegemewe.

Wapo pia wanaosukuma kijiti katika tundu la juu la soketi ili plagi ya pini mbili iingie. Usifanye hivyo kwa amplifaya ya gitaa. Na kumbuka kwamba plagi ya pini tatu haina faida iwapo soketi yenyewe haikuunganishwa na ardhi. Mwombe fundi umeme aipime.

Volti za ng'ambo

Chombo kilichokusudiwa soko la Marekani hutumia takriban volti 117 hadi 120. Kukichomeka moja kwa moja kwenye volti 230 ni kukiunguza. Kinahitaji transfoma ya kushusha umeme yenye wati za kutosha. Isitoshe, umeme wa Marekani ni wa hezi 60 na wetu ni wa hezi 50, hivyo transfoma yake huweza kupata joto zaidi hapa kwetu. Baadhi ya amplifaya za Uingereza zina kifaa cha kuchagua volti upande wa nyuma. Hakikisha kimewekwa mahali panapostahili.

Kipi kibadilishwe, kipi kibaki?

Fedha zako zianze kutumika kwenye usalama, kisha kwenye uimara, na mwisho kwenye sauti na sura. Waya wa umeme, fyuzi ya kiwango kilichoandikwa na mtengenezaji, na kapasita kubwa zilizochakaa ndivyo vya kwanza. Mvumo mzito usiokoma aghalabu ni dalili ya kapasita hizo. Mikwaruzo unapozungusha vitufe mara nyingi huondoka kwa kusafishwa tu. Bamba la ndani ya valvu likigeuka jekundu kama kaa la moto, zima mara moja: valvu hiyo inapitisha mkondo kupita kiasi.

Transfoma, spika na sanduku vikiwa vizima visibadilishwe, kwa kuwa thamani ya chombo kikongwe hutegemea sana sehemu zake za asili. Fundi anayependekeza kubadilisha kila kitu kabla ya kupima chochote anastahili kuulizwa sababu.

Kununua valvu

Valvu mpya bado zinatengenezwa Urusi, Slovakia na China, kwa hiyo si lazima kununua za kale kwa bei ya juu. Kwenye soko la valvu za kale umo udanganyifu: valvu hafifu hufutwa maandishi na kupigwa chapa ya kiwanda mashuhuri. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi, lakini hapa hata cha ghali huweza kuwa bandia. Dai matokeo ya vipimo na haki ya kurudisha. Valvu za kutoa nguvu, kama EL34 au 6L6, zikibadilishwa, fundi apime mkondo wake na kuurekebisha pale ambapo amplifaya inaruhusu.

Kabla ya kulipa

Andikiana na fundi yafuatayo:

1. Aina ya amplifaya, namba yake, na hali yake siku ya kupokelewa, pamoja na picha za ndani na nje.
2. Makadirio ya gharama, yakitenganisha vipuri na ufundi.
3. Kwamba hatabadilisha kipuri chochote nje ya makadirio bila idhini yako.
4. Kwamba utarudishiwa vipuri vyote vilivyotolewa.
5. Tarehe ya kukamilisha kazi na muda wa dhamana.

Siku ya kuchukua chombo, omba kipimwe mbele yako kuthibitisha kwamba sinia limeunganishwa na ardhi, kisha kipigwe kwa angalau nusu saa. Dai risiti.

Iwapo umeuziwa kipuri bandia au umepewa maelezo ya uongo, rudi kwanza kwa muuzaji au fundi ukiwa na maandishi yako. Msipoelewana, wasilisha malalamiko Tume ya Ushindani. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza upotoshaji katika biashara. Hifadhi makubaliano, risiti, picha na vipuri vya zamani mahali pamoja, kwani ndivyo ushahidi wako, na ndivyo atakavyovihitaji fundi atakayekihudumia chombo hicho baadaye.