Nani Alipie Majarida ya Falsafa?

Mwalimu wa sekondari atafutaye makala mpya ya falsafa mara nyingi huikuta imefungwa. Jina la mwandishi laonekana, na muhtasari waonekana, lakini makala yenyewe haisomeki mpaka alipe. Mimi niliutambua ukuta huo niliporudi nyumbani kutoka masomoni ng'ambo. Makala nilizozizoea kule, ambazo maktaba ya chuo ilizilipia pasipo mimi kujua, hapa sikuweza kuzifungua.

Yafaa kwanza tueleze jinsi jarida la kitaaluma linavyotengenezwa. Mwanafalsafa huandika makala na kuipeleka kwa mhariri. Mhariri huwapa wanataaluma wengine waihakiki, aghalabu bila ya wao kujua ni ya nani. Kwa desturi mwandishi halipwi, wala wahakiki hawalipwi. Wengi wao huishi kwa mishahara ya vyuo. Hata hivyo gharama zipo: kusahihisha chapa, kupanga kurasa, kutunza mitambo, na kuhifadhi makala zisipotee. Basi swali ni hili: nani azibebe gharama hizo?

Njia ya kwanza ni ya zamani. Msomaji, au maktaba yake, hulipa ada ya mwaka. Asiye na fedha hubaki nje.

Katika njia ya pili mwandishi ndiye alipaye, na watu wote husoma bure. Njia hii yaweza kumfaa mtafiti wa tiba, ambaye gharama ya kuchapisha huweza kuingizwa katika ruzuku ya utafiti wake. Lakini mwanafalsafa aghalabu hana ruzuku. Vyombo vyake ni vitabu na muda wa kufikiri. Kumtoza ada kubwa ni kumfungulia msomaji mlango na kumfungia mwandishi. Tena, mchapishaji alipwaye kwa kila makala hushawishika kukubali makala nyingi, hata zilizo hafifu.

Katika njia ya tatu, vyuo na maktaba hubeba mzigo. Mwaka 2001 Stephen Darwall na David Velleman walianzisha jarida la Philosophers' Imprint katika Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, ili lisomwe bure kwa intaneti. Huko Uingereza, Open Library of Humanities, iliyoanza kuchapisha mwaka 2015, hukusanya michango ya maktaba nyingi, hata mwandishi asitozwe wala msomaji asitozwe.

Mfano mmoja waonyesha uzito wa jambo hili. Mwaka 2024 wahariri wa Philosophy & Public Affairs, jarida lililoanzishwa mwaka 1971, walitangaza kwamba wanajiuzulu kwa pamoja kutoka kwa mchapishaji wao, Wiley. Walieleza kwamba biashara huyasukuma majarida yachapishe makala nyingi kadiri iwezekanavyo. Wakaanzisha jarida jipya, Free & Equal, chini ya Open Library of Humanities. Jina la zamani walilazimika kuliacha, lakini ujuzi wa kupima hoja waliondoka nao.

Afrika Mashariki nayo ina historia yake. Mwaka 1974 Henry Odera Oruka alianzisha jijini Nairobi jarida la Thought and Practice, la Chama cha Falsafa cha Kenya. Mfululizo wake mpya ulianza mwaka 2009, na makala zake zikawekwa katika hazina ya African Journals Online, zisomwe bila malipo.

Njia ya tatu nayo ina udhaifu wake. Maktaba isiyochanga husoma sawasawa na ile iliyochanga. Ikiacha moja, jarida halitikisiki. Zikiacha nyingi, jarida hufa, na wote hukosa.

Mwalimu aweza kulipeleka swali hili darasani: ikiwa kila mmoja hufaidika hata asipochangia, ni sababu gani imfanye achangie? Wanafunzi watakaolijadili kwa makini watakuwa wamekwisha kuanza kufanya falsafa.