Kuosha janti za piki na mituka: dawa inayokawia kuuma ndiyo ya kuogopa



Kila mtu anayefanya barabara ya Buta, ya Ituri ao ya Opala anajua namna piki na kamioni zinavyorudia Kisangani. Udongo mwekundu unashika kwenye janti, unaingia ndani ya breki, na ukikauka unakuwa sawa simenti. Koperative mingi leo ziko na piki ao kamioni ya kupeleka mpunga, mihogo na mafuta ya mawese sokoni, na kazi ya kuosha inaachiwa vijana. Kijana anataka janti ing'ae mbio, apumzike. Basi anachukua kile kilicho karibu: mayi ya batri, soda kostiki ya kupikia sabuni, javeli, esansi, na sasa pia zile chupa ndogo za «dawa ya janti» wanazouza kwenye vipuri.

Kuosha ni lazima. Matope kwenye breki yanaweza kuua kuliko hizo dawa. Lakini kuna jambo moja ambalo wengi hawalijui, na ndilo limefanya tuandike: kati ya dawa hizi kuna ambazo haziumi saa ile zinapogusa mwili. Mtu anafikiri, «haiwashi, basi si kali,» na anaendelea na kazi. Maumivu yakija, dawa imekwisha kuingia ndani.

Tuanze na soda kostiki, maana iko katika depo zetu nyingi kwa sababu ya wamama wapika sabuni. Ukiigusa ikiwa na mayi, vidole vinateleza. Haitelezi bure: inageuza mafuta ya ngozi yako kuwa sabuni, sawa vile inavyofanya mafuta ya mawese ndani ya sufuria. Asidi ikichoma ngozi inaacha kigaga ambacho kidogo kinaizuia isishuke. Soda haiachi kigaga; inaendelea kuyeyusha nyama na kushuka chini. Kwa jicho ni mbaya zaidi, dakika chache zinatosha kumwachia mtu upofu.

Tena soda haifai kabisa kwa janti za aluminiyumu, zile nyepesi za piki nyingi. Inaila aluminiyumu yenyewe. Utaona povu, janti inapata joto, na inabaki na rangi ya majivu ao nyeusi. Hilo povu ni hewa ya haidrojeni, na inashika moto. Kijana mwenye sigara mdomoni hapo karibu asishangae.

Mayi ya batri ni asidi ya salfa. Katika batri iliyojaa chaji, karibu theluthi moja ya uzito wa yale mayi ni asidi tupu. Ikiruka kwenye suruali, leo huoni kitu. Kesho kuna tundu. Sababu ni kwamba mayi inakauka lakini asidi haikauki, inabaki pale na kuzidi kuwa kali. Inaondoa kutu, ndiyo, lakini inaondoa pia ile ngozi nyembamba inayolinda chuma, na ukiosha leo, juma lijalo kutu imerudi nyingi kuliko mbele. Kwa hiyo hata kwa hesabu ya makuta haina faida.

Ile dawa yenye jina la fluor

Sasa tufike kwenye chupa za dukani. Si zote ni mbaya. Nyingine ni sabuni kali tu. Lakini kuna zile zilizotengenezwa na asidi inayoitwa kwa Kifaransa acide fluorhydrique, ao na ndugu yake bifluorure d'ammonium. Inang'arisha aluminiyumu kwa dakika moja, ndiyo maana inapendwa. Ukiona kwenye lebo neno lolote lenye «fluor» ndani yake, ao herufi HF, rudisha chupa mahali pake. Kama lebo iko na lugha ambayo hakuna mtu wa koperative anayeisoma, ao hakuna lebo kabisa kwa sababu muuzaji amegawa bidoni kubwa katika chupa za mayi, usiinunue.

Tunasisitiza juu yake kwa sababu hii. Asidi nyingine inachoma pale ilipogusa, na unaona. Hii inapita ngozi bila kelele na inatafuta kalsiyumu, yaani kile kinachojenga mifupa na kinachosaidia moyo kupiga. Ikiwa imechanganywa na mayi mingi, mtu anaweza kumaliza kazi, kula, kulala, na maumivu kuanza usiku ao kesho yake. Kwa macho mkono unaonekana mzima, pengine umekuwa mwekundu kidogo tu, lakini mtu analia juu ya maumivu ndani ya kidole. Ikigusa sehemu kubwa ya mwili ikiwa kali, inaweza kusimamisha moyo.

Dawa yake iko: gluconate de calcium. Kwa mkono, waganga wanaichanganya na jeli na kupaka pale palipoguswa. Ni ile ile gluconate de calcium ambayo maternité inapaswa kuwa nayo karibu na sulfate de magnésium, kwa ajili ya wamama wenye shida ya tansiyo kubwa wakati wa mimba. Kwa hiyo mgonjwa akifika kwenye kituo cha afya, asiseme «nimechomwa na dawa ya mutuka» tu. Alete chupa yenyewe, ikiwa imefungwa vizuri ndani ya mfuko. Bila jina la dawa, mganga atatibu ngozi, na asidi itaendelea na mfupa.

Vitu visivyokutana

Javeli peke yake ikiwa na mayi mingi si mbaya sana. Lakini kuna vijana wanaimwaga juu ya janti, wanaona haitoshi, wanaongeza mayi ya batri ao dawa ya chupa. Hapo inatoka hewa ya klorini, ya rangi ya kijani-njano, inayokata pumzi. Ni hewa ile ile ambayo askari walirushiwa huko Ypres, Ubelgiji, mwezi wa 4 mwaka 1915, na watu wengi wakafa ndani ya mashimo yao. Nzito kuliko hewa ya kawaida, inabaki chini, pale pale ambapo mtu mwenye kuchuchumaa mbele ya gurudumu ameweka pua yake. Ukisikia harufu inayochoma puani, acha kila kitu, simama, ondoka ukielekea upande upepo unakotoka.

Esansi nayo: inakata mafuta, hilo tunajua. Inaharibu mpira wa gurudumu, na mvuke wake unatambaa chini mpaka kwenye mbabula ya mama anayechoma mihogo mita kadhaa mbali. Mazuti haishiki moto mbio hivyo, lakini inaacha mafuta kwenye diski ya breki. Mtu aliyebeba mifuko miwili ya mpunga ataligundua hilo kwenye mteremko.

Kwa nini basi tusirudie sabuni? Kazi inayofanywa na asidi kwa dakika moja, mayi inaifanya kwa nusu saa bila mtu kuikaa. Mwagia janti mayi, ngoja udongo ulowe, mwagia tena. Halafu sabuni ya mawese ao ya unga, burashi ya nyuzi ngumu, na kitambaa. Penye mafuta ya cheni, paka sabuni isiyo na mayi, acha kidogo, sugua. Penye kutu, karatasi ya msasa, halafu rangi. Ngoja kwanza janti ipoe baada ya safari, maana chuma cha moto kinageuza dawa yoyote kuwa mvuke. Na lile vumbi jeusi la breki lisipulizwe na kinywa wala na pompi: breki za zamani, zaidi za kamioni, zinaweza kuwa na amiante, ambayo inakaa ndani ya mapafu na kuleta ugonjwa miaka mingi baadaye. Lilowanishe, uliondoe na kitambaa.

Kama dawa kali ni lazima

Kuna siku sabuni inashindwa. Basi vaa sawa vile unavyovaa kwa kupiga dawa ya shamba, na zaidi kidogo. Gants ziwe za mpira mzito zinazofika karibu na kiwiko. Zile nyembamba za hospitali zinapasuka kwenye bolti ya kwanza. Zijaze mayi mbele ya kuvaa, uone kama hazitoboki. Suruali ishuke juu ya buti, isiingizwe ndani. Miwani ya jua haitoshi, inaacha wazi pembeni. Kitambaa kwenye pua kinazuia vumbi tu, mvuke wa asidi kinauacha upite, kwa hiyo fanyia kazi nje, upepo ukiwa mgongoni. Tena tunaomba sana: pompi ya kupigia dawa shambani isitumiwe kurusha asidi. Inaharibu pompi, na ule unyunyu unarudi usoni.

Kama kuna kuchanganya na mayi, mayi inatangulia ndani ya ndoo, dawa inafuata pole pole. Ukimwaga mayi juu ya asidi kali ao juu ya soda, inachemka na kuruka.

Mbele ya kufungua chupa, bidoni 3 za mayi safi ziwe zimekwisha kusimama hapo, zisiwe mayi ya kwenda kutafuta kisimani. Hesabu ni hii: jicho likiguswa linaoshwa dakika 20 kamili, mayi ikishuka pole pole kutoka upande wa pua kwenda nje, kope zikiwa zimeshikwa wazi na mtu mwingine. Bidoni ya litre 20 ikimwagwa litre moja kwa dakika inatosha kwa jicho moja, haibaki kitu. Kwa mkono ao mguu inahitajika mayi nyingi zaidi. Nguo zilizoguswa zivuliwe mara moja, hata kama kuna watu. Kwa haya ya dakika moja, kuna waliobaki na kovu la maisha.

Hapana kupaka mafuta ya mawese, dawa ya meno wala yai. Hapana kumwagia ndimu mtu aliyeguswa na soda kwa kufikiri kwamba asidi itaiua. Zinapokutana zinatoa joto juu ya kidonda. Mayi tu. Osha kwanza, halafu hospitali.

Wapi pa kuoshea

Tunajua wengi wanashusha piki mpaka ndani ya Tshopo ao kando ya mto Kongo. Ni rahisi, mayi haiishi. Lakini chini yako kuna mtu anachota ya kunywa, na asidi ao esansi inaua samaki wadogo wa ukingoni. Na kusimama ndani ya mayi kuna bilharzia. Hii si hadithi ya mbali: mwaka 1934 dokta A. C. Fisher, aliyefanya kazi Yakusu, aliandika juu ya bilharzia ya jimbo hili, wakati huo likiitwa wilaya ya Stanleyville. Kule Kisumu, Kenya, watafiti wamewafuata kwa miaka vijana wanaoosha mituka wakiwa ndani ya Ziwa Victoria, kwa sababu waliugua bilharzia, wakatibiwa, wakaugua tena.

Tengeneza basi fasi ya changarawe, mbali na kisima, na mbali na pale mnapoanikia mpunga. Mifuko ishushwe yote mbele ya kuosha.

Neno juu ya chupa

Ajali iliyo mbaya kupita zote haitokei kwenye gurudumu. Inatokea nyumbani, pale dawa iliyobaki imewekwa ndani ya chupa ya Fanta ao ya mayi ya kunywa. Soda kostiki iliyoyeyushwa inaonekana sawa mayi safi. Mtoto anakunywa funda moja. Wengi wetu tumezoea kumpa mafuta ya mawese ao kumtia kidole atapike. Tusifanye hivyo: ikirudi juu inachoma koo mara ya pili. Asuuzwe kinywa, apelekwe hospitali hata kama amenyamaza na anacheza, maana koo linaweza kufunga majuma kadhaa baadaye, mtoto akawa hawezi tena kumeza fufu.

Dawa ikae katika chupa yake ya kwanza, ndani ya sanduku lenye kufuli katika depo, ufunguo kwa mtu mmoja. Chupa tupu isuuzwe na itobolewe, isiuzwe sokoni. Na kwenye mkutano ujao, mtu mmoja wa komite apewe kazi ya kupita kwenye kituo cha afya kilicho karibu, aulize kama gluconate de calcium iko, na kama haiko, ni hospitali gani inayo.