Kupindua Volti: Saketi ya Pedali za Gitaa na Utata wa Neno "Ardhi"

Katika Kiswahili cha kila siku, neno inveta humaanisha kile kisanduku kinachopokea umeme wa betri na kuutoa ukiwa umeme wa nyumbani, ambao hubadili mwelekeo wake mara 50 kila sekunde kwenda na kurudi. Kiingereza, lugha lilikotoka neno hilo, hulitumia pia kwa saketi nyingine iliyo ndogo mno, inayopokea volti 9 chanya na kutoa volti 9 hasi. Umeme unaoingia na unaotoka katika saketi hii ni wa mwelekeo mmoja; kilichogeuka ni upande tu. Anayelichukua neno bila kulipima huchukua na utata wake.

Saketi hiyo huhitajiwa sana na wanaojitengenezea pedali za gitaa, yaani vile visanduku vinavyokanyagwa kwa mguu ili kubadili sauti ya ala. Mfano maarufu ni Fuzz Face, iliyotolewa na Arbiter huko London mwaka 1966 na kupendwa na Jimi Hendrix. Transista zake mbili za mwanzo zilikuwa za jemaniamu, aina ya PNP, na upande chanya wa betri ndio uliounganishwa na bodi ya chuma. Pedali nyingi zilizofuata huunganisha upande hasi. Madhali kila pedali ina betri yake, hapana shida. Lakini zikilishwa zote na adapta moja, nyaya za gitaa huwa zimekwisha kuziunganisha bodi zote pamoja. Chanya na hasi hukutana, na adapta hupigwa shoti.

Dawa yake ni kuijenga Fuzz Face upya, hasi ya adapta ikiwa kwenye bodi kama katika pedali nyingine, na transista zikalishwa volti 9 zilizo chini ya bodi. Kazi hiyo hufanywa na chipu ya miguu minane, kama vile ICL7660 au TC1044S, pamoja na kapasita mbili za mikrofaradi 10.

Ngazi ya vipawa tisa ikisimamishwa ukumbini, kipawa cha juu kabisa kiko tisa juu ya sakafu. Ngazi ileile ikiteremshwa kisimani hata kichwa chake kikalingana na sakafu, mguu wake uko tisa chini. Ngazi haikubadilika; kilichobadilika ni ncha iliyowekwa usawa wa sakafu. Chipu huifanyia kapasita ya kwanza jambo hilohilo: huijaza volti 9, kisha huihamisha mguu wake chanya na kuuweka mahali pa bodi, nao mguu wake hasi hushuka volti 9 chini. Kapasita ya pili hupokea kilichoshushwa na kukihifadhi. ICL7660 hurudia hayo mara maelfu kadhaa kila sekunde, kasi ambayo sikio huisikia kama mlio mwembamba ndani ya muziki. Katika TC1044S, kuunganisha mguu wa 1 na wa 8 huipandisha kasi kupita mara 20,000, ambapo sikio la binadamu hukoma. Aidha, TC1044S hustahimili volti 12, ilhali ICL7660 haifai kupita 10, na adapta duni ya volti 9 huweza kuzipita.

Uunganishaji wenyewe ni mwepesi. Chanya ya adapta huenda mguu wa 8, na bodi mguu wa 3. Kapasita ya kwanza huwekwa kati ya mguu wa 2, upande chanya, na wa 4. Kapasita ya pili huwekwa kati ya mguu wa 5, ambao ndio mlango wa kutokea, na bodi.

Hapa ndipo neno humponza fundi. Bodi huitwa "ardhi", tafsiri ya moja kwa moja ya Kiingereza, na aghalabu hufunzwa kana kwamba ardhi na hasi ni kitu kimoja. Aliyefunzwa hivyo ataulehemu mguu hasi wa kapasita ya pili kwenye bodi, naye atakuwa ameigeuza kapasita. Itapata moto na huenda ikapasuka. Kwa kuwa mguu wa 5 uko chini ya bodi, mguu chanya wa kapasita ndio unaostahili kwenda kwenye bodi. Chanya na hasi ni maneno ya kulinganisha, kama juu na chini.

"Ardhi" lafaa katika nyaya za nyumba, ambako chuma huzikwa udongoni kweli. Katika kisanduku cha betri hapana udongo. "Waya wa sifuri" ungesema kweli zaidi, maana volti huhesabiwa kutoka hapo kwa pande zote mbili. Na badala ya inveta, "kipindua volti" limeundwa kwa kanuni ileile ya kizima moto na kifungua kinywa, hata kama msikilizaji wa kwanza atawaza mapinduzi ya serikali.

Kabla ya kulehemu transista, mita huwekwa waya mweusi kwenye sifuri na mwekundu kwenye mguu wa 5. Ikisoma karibu na hasi 9, saketi i tayari.