Kutumia Skrini ya Pili Tunapofundisha



Siku hizi si ajabu kumkuta mwalimu ameingia darasani na kompyuta ya mkononi pamoja na projekta. Hata wanafunzi hutakiwa kueleza kazi zao mbele ya wenzao kwa njia hiyo hiyo. Wengi wetu huunganisha waya, tukaona picha ukutani, tukaridhika. Lakini kabla ya kuanza tujiulize: watazamaji wanaona nini, na ni kipi nikione mimi peke yangu?

Ziko njia mbili. Ya kwanza ni kunakili: kila kilichoko kwenye kompyuta huonekana pia ukutani. Njia hii ni nyepesi, lakini ina hatari. Mwalimu akifungua orodha ya alama kutafuta jina moja, ukumbi mzima umeshaona nani amefeli. Ujumbe wa mzazi anayeomba muda wa kulipa ada ukijitokeza pembeni, umesomwa na wote. Mambo hayo ni amana. Faili hufungwa mara moja, lakini fedheha ya mtoto haifutiki kwa kufunga faili.

Njia ya pili ni kupanua. Hapa ukuta huwa kama meza ya pili iliyowekwa ubavuni mwa ile ya kwanza. Somo huliweka kwenye meza ya wageni, na mengine yakabaki kwako.

Kwenye kompyuta zenye Windows 7, iliyotoka mwaka 2009, na zilizofuata, fanya hivi:

1. Unganisha waya, kisha washa projekta.

2. Bonyeza kwa pamoja kitufe chenye alama ya Windows na herufi P. Utaona machaguo manne: kompyuta peke yake, kunakili, kupanua, na skrini ya pili peke yake. Chagua la tatu.

3. Sogeza mshale wa kipanya hadi upite ukingo wa skrini, kwa kawaida kulia. Utautokea ukutani.

4. Ukitumia PowerPoint, chagua mwonekano wa mtoa mada. Wasikilizaji wataona slaidi tu. Wewe utaona pia maelezo yako, slaidi inayofuata na saa. Ukitaka watu wakutazame wewe, bonyeza herufi B na ukuta utakuwa mweusi. Ibonyeze tena, slaidi itarudi.

Kuhusu waya, ule wa VGA, uliotoka mwaka 1987, una pini 15 na haubebi sauti. Ukitaka kusikilizisha kisomo, spika zitahitaji waya wake. HDMI hubeba picha na sauti pamoja. Kama kompyuta ina HDMI na projekta ina VGA tu, tafuta kifaa cha kubadilisha mawimbi, kwani waya mtupu hautoshi.

Tahadhari: kupanua hakuzuii kila kosa. Ukiliburura faili hadi upande wa ukuta, litaonekana. Na ukihamia projekta nyingine, kompyuta huweza kurudi kwenye kunakili. Kwa hiyo fika mapema, jaribu kabla watu hawajakaa, kisha geuka uutazame ukuta kwa macho yako.